Neno "Sisi" Nililoliandika Peke Yangu

Ng'ambo, Tabora
Jumamosi, tarehe 11 Januari 2025

Mwanangu Tunu,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo nikiyasoma tena nitatamani kuyafuta. Nimejiapia kwamba karatasi hii sitaichana nikaanza nyingine. Nikikosea, kosa libaki hapo ulione.

Ninapoandika jua bado halijazama, na wewe uko uani na Bibi Chausiku mnafunga mizigo. Nawasikia. Anakuambia ukalie begi ili zipu ifunge, na wewe unamwambia begi litapasuka kwa uzito wako wa wali wa jana. Kesho mtapanda treni kwenda Igalula, na Jumatatu utaingia darasa la tano katika shule ambayo sijaiona. Habari za kuchemsha maji, kufunika chandarua na kutokaa dirishani treni ikitembea umekwisha kuambiwa na nusu ya mtaa. Mimi sitazirudia.

Najua kuna watakaocheka wakisikia nakuita mwanangu. Sare yangu ya kidato cha nne imetundikwa mlangoni hapa. Lakini mama yako alikuwa dada yangu wa tumbo moja, na kwetu mdogo wake mama ni mama, awe na mvi au awe na kifutio mkononi. Dada alipofariki ulikuwa bado hujaanza kutembea. Nilikubeba mgongoni nikiwa mdogo mno, mpaka majirani wakasema miguu yako itafika chini kabla ya yangu. Baba yako na lori lake yuko Igunga leo, Mwanza kesho, kwa hiyo tukakulea sisi wa hapa: mama yangu, Bibi Chausiku aliyemzaa baba yako, ambaye ua wake na wetu ni mmoja, na mimi. Kwa hiyo nina haki ya kukuandikia kama mzazi, na nina deni la mzazi pia, maana wewe unaondoka nyumbani kwa kosa langu.

Uliniuliza siku ile, ukiwa umeshika mwiko, "Mama mdogo, Bibi katolewa na nani kwenye kikundi?"

Nikakujibu, "Katiba."

Ukauliza, "Katiba ni nani?"

Nikacheka. Wewe hukuwa unatania. Nimeona aibu ya kicheko kile kila siku tangu hapo, na barua hii yote ni jibu ambalo ningekupa ningekuwa na ujasiri.

Kikundi unakijua. Ni wanawake wa mtaa wetu wanaosaidiana kwenye misiba. Wana masufuria makubwa, majamvi, sahani na turubai, na mwanachama akifiwa vyote vinakwenda kwake na wenzake wanakwenda kupika. Mama yangu ndiye mwenyekiti tangu kianze. Walikaa miaka mingi bila karatasi yoyote, mpaka walipoambiwa na ofisi ya kata kwamba kikundi kisichokuwa na katiba hakiwezi kuandikishwa. Mama akarudi nyumbani akasema mbele ya wenzake, "Katiba tunayo. Si huyu hapa anasoma Uraia?"

Tunu, sijui kama utawahi kusikia raha niliyoisikia siku ile. Wanawake wazima wakaniangalia mimi! Bibi Chausiku peke yake ndiye aliyesema, "Haya, mpagazi, leo umepewa mzigo wa kichwani. Usiuangushe njiani."

Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, nawe unajua kwa nini. Sisi ni Wanyamwezi, yeye ni Mzaramo ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya reli, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Unakumbuka siku tulipokuwa tunachambua mchele naye, ukamuuliza utani ulianzaje?

Akasema, "Babu zenu walikuwa wanapita kwetu na mizigo ya tajiri, kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani. Wakipita wanang'oa mihogo yetu."

"Bila kuomba?"

"Mpagazi anajua kuomba? Tukafikiri tuwapige. Tukaona tukiwapiga wakaisha, mzigo wa tajiri tutabebeshwa sisi. Bora tuwatukane tu wapite."

"Na mmoja wao akifia njiani?"

"Tunamzika. Angezikwa na nani, na ndugu zake wako mwezi mzima nyuma? Na ukishamzika mtu, nduguye hana uso wa kukukasirikia ukimtukana."

Tukacheka, nami nikarudi kwenye vitabu vyangu. Sikuona kwamba nilikuwa nimesikia sheria ya zamani kuliko zote nilizokariri, iliyokubaliwa na watu wa pande mbili za njia kwa sababu pande zote mbili ziliihitaji.

Katiba ya kikundi niliiandika kwenye meza ya chakula, peke yangu, kwa siku za likizo. Nilikuwa nimeazima shuleni nakala ya Katiba ya nchi, nikaifungua kando yangu kama mtu anayepika kwa kuangalia sufuria la jirani. Katiba ya nchi inaanza kwa kusema ni sisi, wananchi, tumeamua. Nilipenda sana mwanzo huo. Nikaandika: "Sisi, wanawake wa mtaa huu, tumeamua." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nikasahau kwamba sisi hatukuwa tumeamua lolote. Mama Shani alikuwa kwenye genge lake la mboga, Bibi Chausiku alikuwa anashona mikeka, na wengine sijui walikuwa wapi. Mezani nilikuwepo mimi, na mama anapita kwenda jikoni.

Nakuomba usifikiri kila nilichoandika kilikuwa kibaya. Kuna kifungu kinachosema wanachama wote ni sawa, nacho nilikitoa kwenye yale maneno ya Katiba ya nchi kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Kuna kinachosema vyombo ni vya wanachama wote na kiongozi ni mtunzaji tu. Hicho nilikitunga mwenyewe, baada ya mwalimu wetu kutufundisha kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na serikali inayapata kwao. Hata kile kifungu kilichotuletea balaa nilikiandika kwa nia njema. Bibi Chausiku ana mdomo, nawe unajua. Mama Shani alipokuja mtaani akiwa bibi harusi, Bibi alimtania kuhusu meno yake mpaka akalia, na Mama Shani ni Mha, wala Waha na Wazaramo si watani. Nilimkumbuka yeye nikaandika: "Ni marufuku kwa mwanachama kumkejeli mwanachama mwenzake." Kisha nikafikiri, nikaongeza: "au kiongozi." Kisha nikaongeza: "na atakayefanya hivyo ataondolewa."

Chini yake niliandika kifungu kingine, kwamba mwanachama hataondolewa kabla ya kupewa nafasi ya kusikilizwa. Hicho kimo pia katika Katiba ya nchi. Nakijua vizuri. Kilikuja kwenye mtihani, nikakijibu, mwalimu akasoma jibu langu mbele ya darasa.

Mama alikuwa anakatakata vitunguu nilipomsomea. Akasema, "Hicho cha kusikilizana kitoe. Ukimpa Chausiku nafasi ya kusema, tutalala hapo hapo mkutanoni."

Nikacheka. Nikachukua rula, nikakikata kwa mstari mmoja. Nilitumia rula ili mstari unyooke, Tunu. Nilijali mstari kuliko kilichokuwa chini yake.

Siku ya kuipitisha, wanawake walikaa sebuleni kwetu, nikaisoma haraka, wakasema "sawa, sawa", wakatia sahihi, na wasiojua kuandika wakachovya kidole. Bibi Chausiku alitia sahihi akisema, "Mpagazi kaandika mengi kweli. Natia tu, maana chai inapoa."

Sasa nakuja kwenye siku ya msiba wa Mzee Ramadhani, fundi viatu. Uliiona mwisho wake, mwanzo hukuujua. Mkewe ni mwanachama. Alipofiwa alituma mtu kuja kuchukua masufuria, na masufuria hayakuwepo. Mama alikuwa ameyaazimisha kwa rafiki yake aliyekuwa na harusi upande wa pili wa mji, bila kumwambia mtu. Nadhani alitaka kuonekana mkubwa kwa rafiki yake, kama mimi nilivyotaka kuonekana mkubwa mezani. Wanawake wakapika kwa visufuria vya nyumbani, na wanaume waliokwenda kuchimba kaburi waliporudi wakakuta ukoko. Mjane akawa anawaomba radhi watu waliokuja kumzikia mumewe.

Ndipo Bibi Chausiku akaja kwetu na watu nyuma yake. Hukusikia maneno yote, kwa hiyo nakuandikia. Alitandika jamvi mlangoni petu, akalala chali, akajifunika khanga usoni, akapiga kelele, "Mwenyekiti! Nimekufa! Nizike kabla sijanuka!"

Mama akasema, "Inuka, wewe mwanamke, usitutie aibu."

"Maiti hainuki. Wapikie watu wangu kwanza. Wapikie kwa kijiko, maana masufuria yamekwenda kuolewa!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mjane wa Mzee Ramadhani, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na macho mekundu, akajifunika mdomo kwa upande wa khanga, na nikaona mabega yake yanacheka.

Mama akasema, "Chausiku, sisi ni wakwe. Niheshimu."

"Mkwe yuko hai. Hapa amelala mtani. Siinuki mpaka masufuria yaje kunililia."

Mama hakuweza kumruka akaingia ndani. Alizunguka nyumba akapita mlango wa uani, nyumbani kwake mwenyewe, watu wakimwangalia. Nilimwona anavyotembea. Ni mama yangu, Tunu. Moyo wangu uliwaka. Sikuwaza mjane wala waliorudi makaburini na njaa. Niliwaza kifungu changu.

Masufuria yalirudi siku ile ile, kabla ya maghrib. Hilo nataka ulikumbuke. Alichokifanya Bibi kwa kulala pale mlangoni, hakuna kifungu changu hata kimoja kingekifanya, maana nilikuwa nimeandika kwamba kiongozi ni mtunzaji tu, lakini sikuandika nani atamwambia akisahau. Miaka yote alikuwepo wa kumwambia, naye alikuwa anamwambia kwa kicheko ili kesho yake waweze kunywa chai pamoja. Mimi ndiye niliyempiga marufuku.

Mkutano ukaitishwa wakati Bibi amekwenda Igalula kumwona kaka yake. Nilijua amesafiri. Mama alijua. Aliyelalamika alikuwa mama, aliyeongoza mkutano alikuwa mama, na aliyesoma kifungu nilikuwa mimi, nimesimama, kwa sauti ile ninayosomea risala shuleni. Aliyenyoosha mkono nilipomaliza alikuwa Mama Shani, yule niliyesema nimemlinda.

Akasema, "Na mwenyewe yuko wapi? Si tungemngoja naye aseme?"

Wote wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyesoma.

Nikasema, "Katiba haisemi hivyo."

Ilikuwa kweli. Haikusema hivyo, kwa sababu nilikuwa nimekata kwa rula. Mama Shani aliamini kwamba msichana aliyesoma hawezi kumdanganya, akashusha mkono. Mikono mingine ikapanda, polepole, kila mmoja akiangalia wa jirani yake. Nikaandika kwamba sisi tumeamua.

Bibi aliporudi aliambiwa njiani, hata mzigo hajautua. Wewe ulikuwa naye. Unakumbuka alivyokaa barazani? Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi nikifa hapa nani atanipikia? Ngoja nikafie kwa kaka yangu." Nawe ukasema, kabla mtu hajakuuliza, "Nami nitakwenda, Bibi ataishi na nani?" Mama akasema wewe ni mtoto wa nyumba hii, huendi popote. Ukamwangalia, ukasema hata Bibi alikuwa wa nyumba hii.

Jumatano ya wiki hii nilimfuata mwalimu wetu wa Uraia nyumbani kwake, nikamweleza. Sikumficha habari ya rula. Nilitegemea atanikemea. Aliniuliza, "Katiba zetu unazijua kwa mpangilio?" Nikazitaja: ya uhuru, mwaka 1961, ya Jamhuri, 1962, Muungano, 1964, ya muda, 1965, hii tuliyonayo, 1977. Nilizikariri zamani kama majina ya stesheni, na nilizitaja bila kupumua. Akasema, "Na haki za mtu ziliingizwa lini ndani yake?" Nikasema 1984. Akasema, "Miaka saba baadaye. Umewahi kulifikiria hilo, au ulilikariri tu?"

Nililikariri tu. Nilikuwa nikiona katiba kama kitu kinachoshuka kimekamilika, na kazi ya mwanafunzi ni kukijua. Sikufikiri kwamba kulikuwa na watu chumbani, na watu wengi zaidi nje ya chumba, na kwamba wa nje wamekuwa wakigonga mlango kwa muda mrefu wakisema kuna jambo limesahaulika. Hata leo wapo wanaogonga, na wanaosema mlango uachwe kama ulivyo. Nilipotoka kwa mwalimu nilitembea taratibu. Nilikuwa na aibu bado, lakini kwa mara ya kwanza niliona kuna kitu cha kufanya nayo.

Nikamwambia mama. Nilimkuta anasugua lile sufuria kubwa kwa majivu, ingawa lilikuwa safi.

Nikasema, "Mama, nataka tuitishe mkutano. Kile kifungu nilichokikata nataka kirudi. Na Bibi Chausiku aitwe."

"Anilalie tena mlangoni?"

"Akitaka."

"Watu wanicheke tena?"

"Mama, walicheka kwa sababu ilikuwa kweli."

Nilifikiri atanirushia yale majivu. Alisugua, akasugua. Kisha akasema, bila kunitazama, "Masufuria si niliyarudisha." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi andika. Lakini safari hii usiandike peke yako. Mimi nakujua, utanipamba." Mpaka sasa sijui kama alitania. Mama si mtu wa kuomba msamaha, na sitakudanganya kwamba ameomba. Lakini leo asubuhi ndiye aliyewakaangia mihogo ya safari, nawe uliona alivyomwekea Bibi ile isiyoungua.

Mama Shani nimemweleza ukweli pia, pale gengeni kwake. Alinitazama, akapima bamia za mteja, akanitazama tena. Akasema, "Kumbe." Basi. Ningependa angenitukana. Nilipoondoka akaniita akaniuliza mkutano ni lini, na kama anaweza kusema jambo kuhusu utani wa meno, kwamba mtu asiye mtani aulizwe kwanza kama anataka kutaniwa. Nimeona kwamba kifungu hicho ni bora kuliko changu. Kimetoka kwa mtu aliyelia.

Tunu, sina mausia mengi. Huko uendako utakuwa mgeni, na shuleni wakikuona unajua kusoma vizuri watakupa kalamu uwaandikie. Ipokee. Mimi sijutii kupewa kalamu. Ila ukiandika "sisi", inua kichwa uangalie nani yuko mezani. Nami sijui zaidi ya hapo, najifunza pamoja na wewe.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nikae kuandika. Jana niliingia uani nikamkuta Bibi anakunja mikeka yake. Nikamwambia, "Shikamoo, Bibi." Tangu nijue kusema, jibu lake kwangu limekuwa, "Marahaba, mpagazi, mzigo wangu uko wapi?" Hata siku ya kuzikwa dada yangu alinijibu hivyo, akanishika kichwa, nikacheka katikati ya kulia. Jana alisema, "Marahaba. Hujambo, mwanangu?" Kwa upole. Kwa heshima zote nilizoziandika katika kifungu changu. Nikasema sijambo, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Mkutano tumeupanga baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo, Jumamosi ijayo, nataka kuja Igalula nimwombe radhi na nimwombe aje aseme yake, na asipotaka kuja, nikae chini niandike asemavyo, neno kwa neno, bila rula. Barua yako mpe mama muuza karanga wa kwenye treni, anamfahamu Mama Shani, itanifikia. Usimwambie Bibi kwamba nimeuliza. Mwangalie tu mkiwa mnapika, utajua, wewe unamjua kuliko sisi sote. Kisha niandikie upesi: nikishuka pale stesheni nikamwamkia, atanijibu hujambo mwanangu, au ataniuliza mzigo wake uko wapi?

Mama yako mdogo,
Rukia